Dar hadi Lubumbashi kwa lori: siku kumi na moja na ndoo mbili

Siku ya 1. Dar es Salaam hadi Ruaha Mbuyuni

Shemeji, ambaye ndiye dereva, alisema tutaondoka saa kumi alfajiri. Tumeondoka saa mbili, jua limeshawaka, kwa sababu turubai lilikuwa halijafungwa vizuri na mzigo wa salfa hautaki mzaha na mvua. Salfa ni ule unga wa njano unaopelekwa kwenye migodi ya shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo. Harufu yake imeingia mpaka kwenye chapati.

Mimi si mtu wa malori. Nina duka la vyombo vya plastiki Kariakoo, na wateja wangu wakubwa ni Wakongo. Mmoja wao, mama mtu mzima wa Lubumbashi, amekuwa akiniambia kila akija: "Njoo uone kwetu." Tangu Kongo iingie rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mtaani kwetu kuna maneno kwamba sasa Lubumbashi ni kama Arusha, unapakia tu na kwenda. Nikasema ngoja nikajionee. Nikabeba dazeni mbili za ndoo na beseni, sampuli, nikazisukuma nyuma ya kiti.

Tulipofika mizani ya Mikese shemeji akanipa somo la kwanza. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi: hapa Dar, hapa Tunduma, hapa Lubumbashi. "Sasa nionyeshe Tanzania inapakana na Kongo wapi."

Nikafikiri. Inapakana ndani ya maji. Mpaka wetu wote na Kongo uko katikati ya Ziwa Tanganyika, hakuna hata hatua moja ya nchi kavu. Ukitaka kwenda Katanga kwa gurudumu, unaivuka Zambia yote ya kaskazini. Na Zambia haimo Jumuiya ya Afrika Mashariki.

"Basi huo undugu wenu," akasema, "una jirani katikati."

Tumelala Ruaha Mbuyuni. Vitunguu barabarani, mibuyu, joto la kutosha.

Siku ya 2. Kitonga, Iringa, Makambako

Kitonga ilituchukua muda mrefu. Lori la mbele yetu lilikuwa linapanda kwa mwendo ambao mtoto angelipita akiwa anakula muwa. Shemeji haongei akiwa Kitonga, kwa hiyo nilipata nafasi ya kufikiri.

Barabara hii yenyewe imezaliwa na kufungiwa mlango. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikajikuta mlango wake wa kusini, ambao ndio shaba yake ilipitia na mafuta yake yaliingilia, uko mikononi mwa watu waliokuwa wakigombana na dunia nzima. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar kwa njia ya vumbi na matope, yakianguka mabondeni. Mwaka 1968 likamalizika bomba la mafuta la TAZAMA la kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola. Kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina pamoja na vijana wetu kati ya 1970 na 1975. Nchi isiyo na bahari ikitengwa upande mmoja hutafuta upande mwingine kwa gharama yoyote. Baba yangu mdogo alifanya kazi kwenye reli hiyo, na hadi anazeeka alikuwa akisema "kwa Kaunda" kama mtu anavyosema kwa shangazi.

Makambako baridi kali. Nimenunua koti la mtumba, nimepunjwa, najua.

Siku ya 3. Mbeya, kisha foleni

Chimala, Uyole, Mbalizi, Mlowo, Vwawa. Baada ya mizani ya Mpemba tukakuta mkia wa foleni. Malori upande mmoja wa barabara, mengine yamezimwa kabisa, chini ya tela kuna majiko ya mkaa. Utingo mmoja alikuwa anafua.

Mbele yetu kuna lori lenye namba za Kenya. Limetoka Nairobi, limeingia Namanga, limekatiza Tanzania yote likiwa na lakiri, linaenda Lusaka na sabuni. Dereva wake alitukaribisha chai. Nikamuuliza, utoke Nairobi mpaka Lusaka na sabuni, inalipa?

"Inalipa, boss. Sisi tuko COMESA, Zambia wako COMESA. Nikiwa na cheti cha uasili, cha kuonyesha mzigo umetengenezwa kwetu, hakuna ushuru." Akanywa chai yake. "Nyinyi mlitoka. Sijui mlikuwa mmekasirikia nani."

Nilimwambia sikuwepo kwenye kikao.

Lakini ni kweli. COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, yenye makao yake Lusaka, ilianzisha eneo lake huru la biashara Oktoba 2000 kwa nchi tisa, Kenya, Zambia na Malawi zikiwemo. Tanzania ilikuwa imetoka mwaka huohuo, wiki chache kabla. Hofu iliyotajwa ilikuwa kupoteza mapato ya ushuru, na gharama ya kuwa na uanachama kila mahali. Kwa hiyo sabuni ya Kenya ikawa inapita mbele ya mlango wa kiwanda cha sabuni cha Dar, inaingia Zambia bila ushuru, huku ya Dar ikitazama.

Nilisoma uchumi kidogo kabla duka halijanimeza. Kuna mchumi, Jacob Viner, aliyeeleza jambo hili mwaka 1950: nchi zikiondoleana ushuru, biashara nyingine huzaliwa upya, lakini nyingine huhama tu. Mnunuzi anamwacha aliyekuwa akiuza kwa bei nafuu, anamfuata aliye ndani ya mkataba kwa kuwa huyo hatozwi. Chukua ndoo. Tuseme yangu inafika Lusaka kwa kwacha 50 na ya mwenzangu kwa 55. Mimi ndiye wa bei nafuu. Weka ushuru wa asilimia 25 juu ya yangu tu, inakuwa 62 na nusu. Sijapandisha bei, sijaharibu ndoo, nimepoteza soko kwa sababu ya karatasi ambayo sikusaini.

Shemeji alinikatiza. "Mbona SADC tupo wote, sisi na Zambia?"

Kweli tena. Eneo huru la biashara la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lilianza 2008, na Tanzania imo, Zambia imo. Kwa hiyo ndoo yangu ina mlango mwingine. Ila kila mlango una funguo zake. COMESA inakubali bidhaa kuwa ya kwenu, kwa njia mojawapo, ikiwa thamani iliyoongezwa kiwandani inafika asilimia 35. SADC ina orodha ndefu, kila aina ya bidhaa na sharti lake. Nguo, kwa mfano, haitoshi kuishona, hata kitambaa chenyewe kiwe kimefumwa ndani ya jumuiya. Aliye nje ya nyumba moja hawekewi ukuta mtupu. Anapewa mlango wa nyuma wenye kufuli gumu zaidi.

Siku ya 4. Foleni

Hatujasogea. Nimejifunza kucheza drafti, nimefungwa mara sita.

Siku ya 5. Tunduma

Nilishuka nikatembea hadi mpakani kwa miguu. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliochanwa katikati. Kwacha na shilingi zinabadilishwa mkono kwa mkono, Kiswahili kinasikika pande zote mbili, na watoto hawajui mpaka uko wapi mpaka mtu awafokee. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais Magufuli na Lungu. Kabla ya hapo, wanasema madereva, kulikuwa na foleni mbili, ya kutoka na ya kuingia. Sasa ni moja. Ndefu, lakini moja. Mwaka 2020 hata hiyo ilikatika: Mei, Zambia iliufunga mpaka huu kwa siku kadhaa kwa ajili ya korona, na kuna mzee hapa anayesimulia siku zile kama vita.

Nimekutana na mama anayevusha mchele wa Kyela, magunia mawili kwa safari, kwa mkokoteni. Nilikaa naye kibarazani karibu saa nzima, na nadhani ndiye aliyenifundisha kuliko Viner.

Dada yake yuko Namanga. Huko, mchuuzi wa Tanzania anayekwenda Kenya na mzigo usiozidi dola 2,000, ikiwa bidhaa ni ya Afrika Mashariki na iko kwenye orodha, anapewa cheti chepesi palepale mpakani, anapita bila ushuru. Kule kati ya Zambia na Malawi, mpaka wa Mwami na Mchinji, COMESA nao wana mpango wa namna hiyo kwa wachuuzi wadogo. Hapa Tunduma mpango wa Afrika Mashariki unaishia kwenye kizuizi, kwa kuwa Zambia si mwanachama. Wa COMESA uko ng'ambo, ila haumhusu mchele wa Tanzania.

"Sasa cheti cha SADC?" nikauliza.

"Mwanangu, kwa magunia mawili? Niende kwenye chemba ya biashara, nijaze fomu, nilipe, nimpe klia wa forodha hela yake, nirudi, jioni. Mchele wenyewe faida yake ni hii." Akaonyesha ncha ya kidole.

Kwa hiyo anavusha anavyojua yeye. Sikuuliza zaidi.

Kisha zikaja ndoo zangu. Nilidhani sampuli ni sampuli. Klia niliyeelekezwa alizihesabu, akasema dazeni mbili ni bidhaa. Zinaenda Kongo kwa kupitia Zambia, basi zinahitaji karatasi za kupita na dhamana, au nizilipie ushuru wa Zambia kama vile naziuza hapa. Cheti cha uasili sina. Nilijitetea: Kongo ni jumuiya yetu. Akanitazama kwa huruma. "Kongo ndiyo. Lakini hapa ni Nakonde."

Mzigo wa Kigali unalipiwa ushuru bandarini Dar, chini ya ile Himaya Moja ya Forodha ya tangu 2014, ukifika mpaka wa Rusumo unaingia Rwanda moja kwa moja. Wa Lubumbashi lazima upite nyumbani kwa mtu mwingine, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza umebeba nini.

Nimemwachia mama wa mchele ndoo na beseni zote, nimebaki na ndoo mbili, moja nimetia nguo zangu na nyingine viatu. Mtu hatozwi ushuru kwa begi lake.

Siku ya 6. Nakonde hadi Mpika

Tumevuka saa nne usiku, tumelala Nakonde, alfajiri tumeondoka.

Kwenye ukaguzi wa asubuhi nilichekwa. Askari aliomba kadi ya njano, nikatoa ya chanjo ya homa ya manjano. Alitaka kadi ya njano ya bima ya gari, ambayo shemeji anayo, na ni ya mpango wa COMESA. Ndiyo, COMESA ileile. Tulitoka kwenye biashara yao, kwenye bima tukabaki. Nani alisema kutoka ni kutoka?

Chinsali, alikozaliwa Kaunda. Barabara ni nyoofu, misitu ya miombo pande zote, watu wanauza makaa na uyoga mkubwa kama sinia. Karibu malori yote tunayopishana nayo yana namba za Tanzania au Zambia, yamebeba sahani za shaba yakielekea Dar. Shemeji anayahesabu. Kila lori linalokwenda linalipa ushuru wa barabara wa Zambia, linanunua dizeli ya Zambia, linakula nshima ya Zambia na kapenta. Nikaanza kuona jambo ambalo darasani halikusemwa: aliyebaki nje ya mkataba huumia sana akiwa pembeni. Akiwa katikati ya njia, ana chake cha kukusanya.

Isipokuwa njia ihame. Na watu wanajaribu kuihamisha. Katavi imejengwa bandari ya Karema, ng'ambo yake ni Kalemie. Ukivusha mzigo ziwani umeingia Kongo bila kuiona Zambia. Upande wa magharibi kuna reli ya Lobito, kutoka migodi ya Kolwezi hadi bahari ya Atlantiki kupitia Angola. Nilimuuliza shemeji kama ana hofu. Akasema barabara ya kutoka Kalemie kwenda Lubumbashi aliwahi kusimuliwa, na hataki kusimuliwa tena.

Siku ya 7. Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi

Tairi moja. Saa tatu juani. Kapiri usiku, karibu na stesheni ya mwisho ya TAZARA. Hakuna la kuandika.

Siku ya 8. Ndola, Kitwe, Chingola, Chililabombwe

Huku ndiko shaba iliko, na ndiko viwanda viliko. Nimeona maghala ya unga, saruji, vinywaji. Mteja wa vyote hivyo yuko upande wa pili wa mpaka: Katanga haijilishi, hula unga wa Zambia. Ukisikia Lusaka wamezuia unga kutoka kwa sababu ya ukame, Lubumbashi bei inaruka. Ukame wa 2024 ulipoikumba Zambia yenyewe, mahindi yalitoka kwetu. Serikali zetu zilikubaliana tani 650,000. Katika hesabu hizo za tumbo sijasikia mtu akiuliza nani ni mwanachama wa nini.

Siku ya 9 na ya 10. Kasumbalesa

Foleni ya Tunduma ilikuwa mazoezi.

Hapa madereva wana kumbukumbu yao ya Agosti 2024. Kongo ilipiga marufuku soda na bia kutoka Zambia. Upande wa Kongo watu wakaandamana, malori yakawa hatarini, na Zambia ikafunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, vyote kwa pamoja. Kwa siku kadhaa shaba ikasimama, salfa ikasimama, chakula kikasimama, hadi mawaziri walipokaa na mpaka ukafunguliwa. Zambia na Kongo ziko pamoja SADC. Ziko pamoja COMESA. Kongo ndiyo yenye kadi nyingi kupita wote tuliowapitia njiani, imo SADC, COMESA na Afrika Mashariki, na hata hivyo chupa ya soda iliweza kufunga njia. Tena ndani ya SADC Kongo haijaingia kwenye lile eneo huru la biashara, na kwetu Afrika Mashariki kusaini mkataba ni siku moja, kuingia kwenye ushuru wa pamoja ni safari nyingine. Maneno ya Kariakoo kwamba "Kongo ushuru hakuna" nimeyazika hapa, karibu na choo cha kulipia.

Kuna mkataba mkubwa wa kuunganisha jumuiya zote tatu, uliosainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015. Ulianza kutumika Julai 2024, baada ya kusubiri nchi 14 ziuridhie. Miaka tisa. Nilimwambia shemeji, akaangalia foleni, akasema basi sisi tuna haraka.

Siku ya 11. Lubumbashi

Ukivuka tu, unahamia upande wa kulia wa barabara. Shemeji alifanya hivyo bila kufikiri, mimi niliyekaa upande wa pili nilifumba macho kila lori lilipokuja.

Mama alikuja kunipokea sokoni na wajukuu wawili. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, samaki, kicheko. Kiswahili chake nyumbani kina kasi kuliko kile anachonisemesha dukani. Kule hunionea huruma kumbe. Nikampa ndoo zangu mbili baada ya kutoa nguo na viatu. Akazigeuza, akaminya ukingo, akazigonga kama mtu anayechagua tikiti. Kisha akaniongoza hadi kwenye kibanda chake na kunionyesha ndoo alizonazo. Chini yake zimeandikwa zimetengenezwa Zambia. Nyembamba kuliko zangu, na kwa ninavyojua bei za plastiki, zangu ndizo rahisi zikitoka kiwandani.

"Hizi nakuta hapo tu," akasema. Akiishiwa Jumatatu, Jumatano anazo nyingine.

Nikaanza kumweleza habari za cheti, za asilimia, na kwamba pengo la ushuru litakuja kupungua. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mkwe.

"Yaya, ushuru minayua," akasema mwishoni. "Siku njo siyue."

Ushuru anaujua, anaupigia hesabu, anauweka kwenye bei. Asichokijua ni siku: tano Tunduma au mbili, mbili Kasumbalesa au kumi. Pesa yake inakaa ndani ya lori la mtu, nayo imekopwa.

Ameagiza dazeni 40, za rangi ya bluu tu, nyekundu hazitaki. Zitachanganywa na mizigo ya wenzake kwenye kontena moja, ili gharama za karatasi zigawanywe kwa watu wengi. Ndoo za Zambia hataacha kununua. Alinieleza hivyo waziwazi, nami nilimshukuru kwa ukweli wake.

Jioni shemeji amepiga simu. Ameshusha salfa, ameahidiwa mzigo wa shaba kesho, halafu anarudi Kasumbalesa. Akaniuliza kama naondoka naye. Nimemwambia natafuta basi.